Tuliyoyaona Makangale: Ufundi, Leseni na Ugeni

Kisiwa cha Pemba kikifika mwisho wake upande wa kaskazini hujikusanya kikawa chembamba, na ncha ile huitwa Rasi ya Kigomasha. Nchi iliyo nyuma ya rasi hiyo ndiyo Makangale, shehia mojawapo ya Wilaya ya Micheweni. Msafiri atokaye Chake Chake hufika kwanza Konde, penye soko na gari nyingi, na baada ya Konde barabara humtia katika msitu wa Ngezi. Wenye kuujua msitu huo hawana haja ya kusimuliwa. Wasioujua tutawaambia kwamba ni masalio ya msitu ulioifunika Pemba kabla ya mikarafuu, kwamba ndani yake hukaa popo wakubwa wa Kipemba ambao Mwenyezi Mungu hakuwaweka katika nchi nyengine yoyote, na kwamba adhuhuri ya jua kali mtu hupita humo akahisi baridi. Ukitoka msituni, mashariki yako una ufuo wa Vumawimbi, magharibi yako ufuo wa Verani, na mbele kabisa mnara wa taa unaowaongoza wenye vyombo.

Sasa mtu akichukua ramani na rula ataona jambo ambalo watoto wetu hawalipati katika masomo yao ya skuli. Kutoka ncha ya Kigomasha hadi Shimoni, katika pwani ya Kenya, kwa mstari ulionyooka ni kilomita 40 na kitu. Kutoka hapo hapo hadi Chake Chake ni karibu masafa yale yale. Basi kwa nahodha wa Makangale, Shimoni ni kama mtaa wa pili, na upepo wa kusi ukishika humpeleka bila ya gharama ya mafuta.

Tulikwenda huko kwa kualikwa na walimu wa chuo kimoja cha Qurani, ili tuwasikilize wanafunzi wao waliokaribia kukhitimu. Kazi hiyo ya kusikiliza si ngeni kwetu, na wanafunzi wengi walisoma vizuri, alhamdulillahi. Lakini tuliloliona lafaa kuletwa mbele ya wasomaji ni lile tulilolisikia barazani baada ya sala ya laasiri, siku nne mfululizo, nalo ni khabari ya leseni. Huenda msomaji akauliza, leseni na wavuvi wa Makangale wapi na wapi? Tunamwomba atusubirie kidogo.

Wavuvi wa kaskazini ya Pemba wana ada ya kale iitwayo dago. Msimu ukifika hukusanyika watu wa chombo kimoja, wakachukua nyavu, mishipi, madema, unga na vyungu, wakahamia pwani ya mbali, wakapiga kambi huko kwa wiki au kwa miezi, wakavua, wakauza, kisha wakarejea kwao. Dago moja huwa Tanga, jengine Shimoni, jengine Mayungu karibu na Malindi, na jengine hufika hata Lamu. Na kila dago hubakisha mtu. Mmoja hupata mke huko, mwengine hupata diko lenye samaki wengi asiweze kuliacha, na wa tatu huona haya kurejea mikono mitupu. Miaka ikipita dago hugeuka mtaa, na mtaa huwa na msikiti wake na makaburi yake. Hivyo ndivyo walivyopatikana Wapemba wa Kwale, wa Kilifi na wa Lamu. Wako waliokwenda kabla ya Vita Vikuu vya Pili, na wako waliovuka baada ya mwaka 1964.

Yapasa vijana wafahamu kwamba wale wa mwanzo hawakuvuka mpaka wowote. Ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na Waingereza waliuendesha kwa mkataba wa mwaka 1895. Mpemba aliyetia nanga Shimoni mwaka 1940 alikuwa katika nchi ya mtawala wake. Mwezi wa Oktoba 1963 ukanda huo ukaachiwa Kenya kwa makubaliano. Zanzibar ikapata uhuru tarehe 10 Disemba mwaka huo, na Kenya ikafuata baada ya siku mbili. Na mpaka wa baharini baina ya Kenya na Tanzania ulikuja kukubaliwa baadaye, kwa barua zilizoandikiana serikali mbili hizo mwaka 1975 na 1976. Siku hizo zote mvuvi alikuwa akilala katika banda lile lile na kuvua katika mwamba ule ule. Hakuna aliyekwenda kumgongea mlango kumwambia kwamba sasa yeye ni mgeni. Alikuja kulijua hilo alipoulizwa kipande.

Kipande ndicho cheti cha utambulisho cha Mkenya, na asiyekuwa nacho milango mingi humfungikia. Hapati leseni ya kuvua wala ya kuuza samaki. Hafungui hesabu benki, wala hawezi kuandikisha nambari ya simu ya kupokelea fedha kwa jina lake mwenyewe. Mtoto wake akikosa cheti cha kuzaliwa hukwama katika mtihani wa skuli, na asiyefanya mtihani hawezi kuwa muuguzi, wala mwalimu, wala fundi wa umeme mwenye kutambulikana, hata akiwa na akili ya ajabu. Na mvuvi akikamatwa baharini bila ya leseni, chombo chake chaweza kuzuiliwa pamoja na nyavu zake.

Mzee mmoja aliyekaa pande za Mayungu miaka kumi na tisa, na sasa amerejea Makangale kwa maradhi ya magoti, alitufanyia hesabu yake kwa vijiti mchangani. Chombo kilikuwa chake. Nyavu alizishona yeye. Mabaharia walikuwa watoto wa ndugu zake. Lakini leseni iliandikwa jina la mtu mwengine mwenye kipande, naye kwa ajili ya jina hilo alikula fungu moja kila chombo kilipopanda. Fedha za samaki zilipitia simu ya mtu wa pili, naye akapata chake. Siku askari walipokuja diko lote lilibaki kimya, na yeye akatoa alichokuwa nacho. Tukamuuliza kama yule mwenye leseni alijua kuvua. Mzee akacheka, akasema, "Mwalimu, yule bahari akiitazama humzungusha kichwa."

Wasomaji wetu wasidhani kwamba twasimulia hayo ili kuwalaumu Wakenya, kwani Kenya imefanya jambo ambalo nchi nyingi zinalikwepa. Mwaka 2016 Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliondoka kwao kwa miguu kwenda Nairobi kudai kutambuliwa, na wakatambuliwa. Mwaka 2020 wakafuatia Washona. Na tarehe 28 Julai 2023, huko Kilifi, Rais William Ruto aliwatangaza Wapemba kuwa ni miongoni mwa makabila ya Kenya, na wakaanza kugawiwa vyeti na vipande. Jumuiya yao ilikadiriwa kuwa ni watu 7,000 hivi. Makangale khabari hiyo ilipokewa kama khabari ya harusi. Mama mmoja alituambia kwamba siku ile simu yake haikutulia, kila mtu akitaka kumpa mkono kwa ajili ya kaka yake.

Hapo ndipo tulipotaja Wamakonde, na maneno yakabadilika.

Kwani Makangale nayo ina wageni wake. Kama vile watu wake walivyotoka kwenda kutafuta riziki, ndivyo walivyokuja wengine kutafuta riziki hapo. Miongoni mwa wakaazi mna watu wenye asili ya Msumbiji, Wamakonde, ambao wazee wao walikuja Unguja na Pemba zama za ukoloni, wengine wakiwakimbia Wareno na kazi zao za shuruti, wengine wakifuata ujira wa mashambani. Walifyeka, walilima, waligema. Watoto na wajukuu wao wamezaliwa hapa, Kiswahili chao ni cha Kipemba kisicho na kasoro, na baadhi yao ni Waislamu wanaosali safu moja na wenyeji. Lakini kwa miaka mingi hawakuwa raia wa Tanzania wala wa Msumbiji, na kwa hivyo hawakuwa na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. Na hapa kwetu asiye na kitambulisho hicho hupata taabu ile ile aliyoipata Mpemba wa Mayungu. Leseni ya biashara haipati, ya kuendesha gari haipati, wala kazi yenye mkataba hapewi. Hufanya kazi chini ya jina la mwengine, au hufanya vibarua.

Basi barazani pale tuliuliza, kwa kutaka kujua, khabari ya fundi mmoja wa mashine za boti tuliyemwona akitengeneza chombo pwani, tukapendezwa na mkono wake. Tukajibiwa, "Huyo mgeni, mwalimu." Tukauliza, "Mgeni tangu lini?" Wakatazamana. Mmoja akasema babu yake alikuja kabla ya Mapinduzi. Tukawauliza tena, je, huko Mayungu kaka yenu aliyekaa miaka hiyo hiyo, mlitaka aitwe nani?

Hatukupata jawabu, na hatukulishika sana jambo hilo kwa sababu kahawa ilikuwa imeletwa. Lakini tangu hapo tumekuwa tukilifikiri, na tunaona litupasa kulieleza kwa mujibu wa dini yetu, kwa maana wako watakaosema kwamba leseni yenyewe ni dhuluma, na wako watakaosema kwamba mgeni hana haki ya kupewa. Hayo yote mawili sisi hatuyakubali.

Ama leseni, Uislamu hauikatai. Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba mwenye kutibu watu naye hajulikani kuwa na elimu ya utabibu, madhara atakayoyaleta ni dhamana juu yake. Maulamaa wetu hawakumruhusu kila mtu kukaa akasomesha, bali walitaka ijaza, yaani ruhusa ya mwalimu aliyemsikiliza mwanafunzi wake akamridhia. Na katika mwaka 319 wa Hijria, sawa na mwaka 931 wa miladi, mtu mmoja alikufa Baghdad kwa kosa la tabibu, na Khalifa al-Muqtadir akaamuru kwamba asitibu mtu yeyote mjini mpaka apimwe elimu yake. Waliopimwa walizidi 860, mbali na wale waliokuwa mashuhuri wasiohitaji kupimwa. Kila mmoja aliambiwa ni maradhi gani ana ruhusa ya kuyatibu. Kazi ya kuwapima alipewa Sinan bin Thabit. Na huyu Sinan ni nani? Ni mtoto wa Thabit bin Qurra, aliyetoka Harran kuja Baghdad, mtu wa ukoo wa Kisabii. Khalifa wa Waislamu alimweka mtoto wa mhamiaji awe ndiye mwenye kutoa leseni, na swali lililoulizwa katika mtihani ule lilikuwa ni moja tu, wajua au hujui?

Swali hilo ndilo leseni iliyowekwa. Abiria ana haki ya kujua kuwa nahodha wake ajua kuendesha, na mgonjwa ana haki ya kujua kuwa anayemdunga sindano amesoma. Lakini leseni inapoacha kuuliza ujuzi ikauliza babu yako alizaliwa wapi, haimkingi tena abiria wala mgonjwa. Yule mtu wa Mayungu aliyezungushwa kichwa na bahari alikuwa na leseni halali, na nahodha wa kweli hakuwa nayo. Chombo kikizama, karatasi ile ingemwokoa nani?

Na ama mgeni, tunajua sote kisa cha Muhajirina walipofika Madina. Mtume (S.A.W.) aliwaunganisha udugu na Ansari. Saad bin Rabii (R.A.) akamwambia ndugu yake Abdurrahman bin Auf (R.A.) kwamba atamgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, akakataa mali, akaomba jambo moja tu, aoneshwe njia ya sokoni. Akaoneshwa soko la Bani Qainuqaa, akaanza kuuza samli na jibini, na haukupita muda mrefu akaja akiwa na alama za harusi. Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kwa ajili ya ukarimu wa Saad, na ni haki. Lakini katika kusikiliza wanafunzi mwaka baada ya mwaka tumeona kwamba vijana hupita haraka juu ya ombi la Abdurrahman. Alichokitaka ni soko lisilofungwa. Fundi wa boti wa Makangale naye hakutuomba sadaka, wala hatukumsikia akimlaumu mtu.

Jambo moja limetufurahisha na halina budi kutajwa. Katika miaka hii ya baada ya 2020 Serikali imewapa uraia wahamiaji walowezi wa Zanzibar zaidi ya elfu tatu, Wamakonde wakiwa miongoni mwao, pamoja na wenye asili ya Comoro na Burundi. Hilo ni jema kubwa. Lakini miaka haifidiwi. Mtu aliyeacha skuli akiwa na miaka kumi na minne kwa kukosa cheti, leo akipewa uraia akiwa na arubaini, hatarudi darasani kusomea uuguzi. Karatasi ile itamfaa mtoto wake, ikiwa mtoto ameandikishwa.

Tukiwa katika khabari hiyo, kijana mmoja aliyesoma Chake Chake alitueleza habari za Jumuiya ya Afrika ya Mashariki. Itifaki ya soko la pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na baada yake zimetiwa saini hati za kutambuliana ujuzi. Wasanifu wa majengo na wahasibu walipata yao mwaka 2011, na wahandisi mwaka 2012. Maana yake ni kwamba mhandisi aliyesajiliwa Nairobi ana njia iliyoandikwa ya kukubaliwa Dar es Salaam, bila ya kuanza upya kama mtoto. Ni jambo zuri. Mzee wetu wa magoti akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na wavuvi wamo?" Kijana akasema hawamo. Mzee akasema, "Basi hao wahandisi waliojenga boti wavuke, na boti zenyewe zisivuke."

Tumeandika kwamba jumba za Waislamu ndizo zinazosoma kurasa hizi, kwa hivyo tunasema na wazazi. Mtoto akizaliwa mnamuadhinia, na siku ya saba mnamfanyia akika na kumpa jina. Jina hilo lipelekeni kwa sheha na likaandikwe, katika siku hizo hizo, kabla ya safari, kabla ya dago, kabla ya ugomvi wa mume na mke. Cheti cha kuzaliwa ndicho kitakachoombwa na skuli, na skuli ndiyo itakayoombwa na kila kazi yenye leseni. Wenye waume walio dago Kenya wahakikishe watoto waliozaliwa huko wana karatasi za huko, na waliozaliwa hapa wana za hapa. Msitegemee kwamba watu wanajuana. Mayungu nako watu walijuana.

Na majirani nao wana kazi yao. Mtu asiyekuwa na karatasi hathibitishwi ila kwa watu. Sheha huuliza wazee, nani amjuaye huyu, alizaliwa nyumba gani, mkunga alikuwa nani? Huko Kenya pia wazee wa mtaa ndio walioitwa mbele ya kamati kueleza nani ni mwenyeji wa miaka mingi. Katika mwisho wa Suratul Baqara Mwenyezi Mungu ametukataza kuficha ushahidi, na ushahidi hauhusu mikopo peke yake. Aliyeona mtoto akizaliwa, akamla ubwabwa wa akika yake, kisha akasema mbele ya sheha "huyo mgeni", ameficha alichokiona.

Wazee hao wanapungua. Kwa hesabu tuliyofanyiwa pale barazani, waliobaki Makangale wenye kukumbuka kufika kwa wazee wa yule fundi ni watatu, na mmoja wao haoni tena. Mwenye magoti ni mmoja katika hao watatu. Siku ya nne, tulipokuwa tukiagana, alituuliza kama mtu aweza kutoa ushahidi akiwa amekaa kitini, kwa sababu kusimama kunamshinda. Tukamwambia yajuzu. Akamtuma mjukuu wake akamwambie fundi kwamba Jumatatu, akishatoka kuchukua dawa Konde, watakwenda pamoja kwa sheha, na kwamba alete majina ya watoto wake wote yakiwa yameandikwa, kwa maana yeye anawajua kwa sura lakini majina ya hawa wadogo yanampotea.